Mkosaji aangaliwe na nani? Rungwe kabla na baada ya boma

Ukisikia "kifungo cha nje", pengine unawaza jambo la juzijuzi: mtu katiwa hatiani, lakini badala ya kwenda gerezani anafagia hospitali au anapalilia bustani ya shule, huku afisa akimfuatilia. Kwa sheria tulizonazo uko sawa. Sheria ya Bodi za Parole ni ya 1994, na ile ya Huduma kwa Jamii, inayogusa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 3, ni ya 2002. Ila wazo la kumwacha mkosaji nyumbani, chini ya macho ya wanaomjua, ni la zamani sana. Twende Rungwe.

Kati ya 1934 na 1938, wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti kwa Wanyakyusa. Walikuta vijiji vilivyopangwa kwa rika. Wavulana wa miaka kama 10 hivi walitoka kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao pamoja, wakakua na kuzeeka wakiwa majirani. Hebu fikiria: jirani yako ni yule yule uliyechunga naye ng'ombe utotoni. Utamficha nini? Ugomvi ulisuluhishwa na majirani na marafiki, na mwenye kosa alimlipa aliyemkosea, mara nyingi kwa ng'ombe.

Askari hakuwepo. Kilichokuwepo Monica Wilson alikieleza katika kitabu chake Good Company (1951): pumzi ya watu. Majirani wakinung'unika juu yako, baridi inakuingia, unaugua. Dawa yake ilikuwa kuchinja na kuwalisha, nao wakakiri kwamba kweli walikuwa na hasira. Iite imani, iite shinikizo la jamii, vyovyote upendavyo. Mtu alijua anatazamwa, na alijua njia ya kurudi.

Usidhani ilikuwa raha tupu. Aliyeshutumiwa uchawi aliweza kufukuzwa kijijini, na macho ya majirani yanaweza kukosea yote kwa pamoja.

Kisha likaja boma. Wajerumani waliiita Tukuyu Neu Langenburg. Waingereza wakaichukua 1916. Hapo hesabu ikageuka: faini inaingia serikalini, jasho la mfungwa ni la serikali, na mwenye ng'ombe wake aliyeibiwa anabaki mtazamaji. Magereza ya Tanganyika yakajaa watu wa makosa madogo, wakiwemo walioshindwa kodi. Ndipo baadhi wakaruhusiwa kufanya kazi za umma mchana na kulala kwao usiku. Huruma ilikuwepo, sikatai, lakini bajeti ndiyo iliyosukuma zaidi. Sheria ya Magereza ya 1967 ikaendelea na utaratibu huo.

Sheria ya kuwaweka wakosaji chini ya uangalizi ilitungwa 1947, kwa mfano wa ile ya Uingereza ya 1907. Wazo lake huwa linaanziwa kwa John Augustus, fundi viatu wa Boston aliyeanza kuwadhamini walevi mahakamani mwaka 1841. Fundi viatu, siyo hakimu! Leo kazi hiyo kwetu ni ya Idara ya Huduma za Uangalizi, Wizara ya Mambo ya Ndani. Parole nayo inamhusu mfungwa wa miaka 4 na kuendelea, akishamaliza theluthi ya kifungo na kuonyesha mwenendo mzuri. Wa makosa kama unyang'anyi wa kutumia silaha hayumo.

Kwa hiyo mkosaji amerudishwa kijijini. Aliyekosewa, kwa maoni yangu, bado hajarudishwa mahali pake. Kijana aliyeiba mikungu ya ndizi akifagia hospitali miezi mitatu, hospitali itang'aa, lakini mama mwenye shamba hajapata hata chane moja. Mzee wa Kinyakyusa wa miaka ya 1930 angeuliza kwanza habari za mama huyo. Sheria haijamfungia mlango, maana Kanuni ya Adhabu inamruhusu hakimu kuamuru fidia juu ya adhabu nyingine. Ukijikuta wewe ndiye mlalamikaji, mwambie mwendesha mashtaka aiombe kabla hukumu haijasomwa.