Asiyeona Katika Baraza la Jaji: Habari za Busia na Tororo



Katika sheria za mwenendo wa kesi za jinai zilizorithiwa kutoka kwa Waingereza, upande wa Kenya na upande wa Uganda, iliandikwa orodha fupi ambayo watu wachache waliisoma. Ni orodha ya watu waliosamehewa kazi ya kuketi pamoja na jaji kama wazee wa baraza katika kesi kubwa, kwanza kabisa kesi za mauaji. Walisamehewa makasisi na viongozi wa dini. Walisamehewa madaktari na mawakili. Walisamehewa askari wa majeshi wanaolipwa mshahara kamili, pamoja na polisi na askari magereza. Na katika orodha hiyo hiyo, mistari michache chini yao, waliwekwa watu wenye ulemavu wa akili au wa mwili. Ndivyo sheria ilivyomweka askari na kipofu katika ukurasa mmoja.

Sababu, hata hivyo, hazikuwa moja. Askari wa jeshi alisamehewa kwa kuwa anahitajiwa penginepo. Polisi alisamehewa kwa kuwa yeye ndiye aliyeikamata kesi, akaipeleleza na kuileta mahakamani, na si haki mtu awe mletaji wa kesi na mpimaji wake. Lakini kipofu alisamehewa kwa kuwa alidhaniwa hawezi. Neno lililotumika ni kusamehewa, wala si kukatazwa, na tofauti hiyo si ndogo: aliyesamehewa anaweza kusema, "Nashukuru, lakini nitakuja." Kwa desturi, hata hivyo, msamaha huo ulikuwa mlango uliofungwa, kwani karani anayeandika majina ya wazee wa baraza hakuwa na sababu ya kwenda kumtafuta mtu ambaye sheria imekwisha kumwacha nyumbani.

Na achukuliwe kwa mfano kijana wa Samia au wa Tororo aliyejiandikisha katika King's African Rifles wakati wa Vita Kuu ya Pili, akapelekwa Burma mwaka 1944, akarudi bila macho. Alipokuwa kikosini alikuwa katika mstari wa askari. Siku aliyotolewa jeshini alihamia mstari wa walemavu. Katika maisha yake yote ya utu uzima, kati ya miaka 21 na 60 ambayo sheria iliitaja kwa kazi hiyo, mahakama isingemwita hata mara moja, kwanza kwa heshima ya kazi yake, kisha kwa huruma. Askari wa namna hiyo walikuwapo kweli. Shule ya vipofu ya Thika, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, ilianza kwa kazi ya kuwasaidia askari waliopofuka vitani. Walifundishwa kusoma kwa vidole na kufanya kazi za mikono. Kuwarudisha katika mambo ya uraia lilikuwa jambo jingine.

Yafaa kueleza wazee hao wa baraza walitoka wapi. Serikali ya kikoloni ya Kenya ilikuwa na namna mbili za kuwashirikisha raia katika hukumu. Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alihukumiwa na juri ya Wazungu wenzake, na neno la juri lilimfunga jaji. Mwafrika alihukumiwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza, ambao maoni yao yalisikilizwa lakini hayakumfunga jaji. Desturi hiyo ilitoka katika sheria za Uhindi, zilizotumika hapa mpaka Kenya ilipopata sheria zake za jinai mwaka 1930. Juri ya Wazungu iliendelea karibu mpaka uhuru.

Namna juri hiyo ilivyokuwa ikifanya kazi ilionekana huko Nakuru mwaka 1923, katika kesi ya mlowezi Jasper Abraham, ambaye mfanyakazi wake aliyeitwa Kitosh alikufa baada ya kupigwa na kufungwa kamba usiku kucha. Juri ya walowezi haikuona mauaji. Iliona kosa la kudhuru mwili tu, na mshtakiwa akapewa kifungo cha miaka miwili. Wale waliokuwa wakichagua nani afaa kuketi katika juri waliangalia rangi ya ngozi. Kwamba watu hao walikuwa na macho mazima hakukumsaidia marehemu.

Huku mpakani mambo ya mabaraza yalikuwa ya zamani kuliko mpaka wenyewe. Mpaka tarehe 1 Aprili 1902, nchi yote hii ilikuwa Uganda, hata ng'ambo ya Busia ya leo, mpaka kufika Naivasha. Siku hiyo Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa upande wa Kenya, na Wasamia, Waiteso na jamaa zao wakajikuta katika serikali mbili. Upande wa magharibi, Semei Kakungulu alikuwa amekwisha kuleta utawala wa saza na gombolola kwa mfano wa Buganda. Upande wa mashariki zikaja lokesheni na maliguru, na baadaye mabaraza ya wenyeji yaliyotambuliwa na sheria ya mwaka 1930. Pande zote mbili shauri la ng'ombe, la mahari au la mpaka wa shamba liliamuliwa kwa maneno: nani alipanda mti ule, nani alishuhudia ng'ombe wakitolewa. Uzee na mtoto wa jicho huja pamoja, na mzee ambaye macho yake yameingia ukungu ndiye mara nyingi akumbukaye mashauri ya babu. Katika baraza kama hilo macho hayakuwa sharti la hekima.

Basi katika mahakama ya jaji, mzee wa baraza hufanya nini hasa? Hukaa na kusikiliza. Mashahidi huapishwa, huhojiwa na upande wa mashtaka, kisha na wakili wa mshtakiwa. Mwishoni jaji huwaeleza wazee sheria na muhtasari wa ushahidi, na kila mmoja husema maoni yake kwa mdomo. Nchini Uganda jaji asiyekubaliana nao hutakiwa kuandika sababu zake. Karibu kazi yote ni ya masikio. Yako mambo ya macho, kweli: panga, shati lenye damu, mchoro wa mahali pa tukio, picha za maiti. Panga na shati vyaweza kushikwa. Mchoro waweza kuelezwa, na polisi anayejua kazi yake huueleza hata kwa wenye macho, kwa sababu wengi wao hawajui kuusoma. Picha ni shida ya kweli. Ikiwa kesi nzima imesimama juu ya picha moja tu, asiyeona atategemea macho ya wengine, na hapo jaji ana haki ya kufikiri upya. Lakini kesi za namna hiyo ni chache.

Tena mahakama zenyewe zimekuwa zikiyaogopa macho. Mwaka 1953, katika kesi ya Abdulla bin Wendo, Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilionya juu ya kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa shahidi mmoja aliyesema amemwona katika hali ngumu. Onyo hilo likarudiwa mwaka 1967 katika kesi ya Roria, na nchini Uganda mwaka 1978 katika kesi ya Nabulere: palikuwa na mwanga gani, umbali gani, muda gani, na je, shahidi alimfahamu mtu huyo tangu zamani? Kila polisi aliyepata kuandaa gwaride la utambulisho anayajua maswali haya. Na mwaka 1985, katika kesi ya Choge, Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikubali kwamba mtu aweza kutambuliwa kwa sauti yake, mradi shahidi awe aliizoea sauti hiyo na hali iwe ya kumwezesha kuitambua bila kukosea. Hapo asiyeona haingii mahakamani akiwa na upungufu.

Polisi hasa wana sababu ya kulikumbuka jina la Sir John Fielding. Alipofuka akiwa kijana wa miaka kama 19. Kuanzia mwaka 1754 mpaka alipokufa mwaka 1780, alikuwa hakimu wa Bow Street mjini London, akiongoza kikosi cha wapelelezi kilichoanzishwa na ndugu yake Henry, kikosi kilichotangulia polisi wa leo wa Uingereza. Inasimuliwa kwamba aliwatambua wahalifu maelfu kwa sauti zao. Huenda hesabu hiyo imetiwa chumvi. Lililo hakika ni kwamba yeye, asiyeona, ndiye aliyeeneza nchini mwake desturi ya kuchapisha na kusambaza maelezo ya sura na mavazi ya wahalifu wanaotafutwa.

Hata hivyo nchi hiyo hiyo ilichelewa kuandika, mpaka mwaka 1994, kwamba mwenye ulemavu aliyeitwa katika juri ataketi isipokuwa jaji akiona hawezi kuifanya kazi hiyo ipasavyo. Marekani ilitangulia kidogo. Huko Washington, Donald Galloway, mtu asiyeona, aliitwa kuhudumu katika juri, akafika, akarudishwa kwa kuwa mahakama ile haikupokea vipofu. Alishtaki. Mwaka 1993 Jaji Joyce Hens Green alitamka kwamba kuwafungia vipofu wote mlango kwa jumla ni kuvunja sheria, na kwamba kila mtu apimwe kwa kesi iliyo mbele yake. Hukumu hiyo ilikumbusha pia kwamba walikuwapo majaji wasioona. Ikiwa jaji kipofu anaaminiwa kupima ushahidi, kumkatalia raia kipofu kunahitaji sababu nzuri sana.

Hapa kwetu mambo yalikwenda njia tofauti. Kenya iliwaondoa wazee wa baraza katika kesi za jinai mwaka 2007, kabla swali la asiyeona halijajibiwa. Tanzania iliwafanya mwaka 2022 kuwa hiari ya mahakama. Uganda haikufuata njia ya Kenya, na hivyo mto wa Malaba ukawa mpaka wa jambo hili pia: ng'ambo moja wazee wa baraza walikwisha, ng'ambo ya pili waliendelea kuitwa. Nchi zote mbili ziliridhia mwaka 2008 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, Kenya mwezi Mei na Uganda mwezi Septemba, na mkataba huo unadai wenye ulemavu washiriki katika kazi za mahakama kwa usawa na wengine.

Lakini jibu lililo wazi zaidi lilitoka chini, vijijini. Mabaraza ya Uganda yalipewa kazi ya kuamua mashauri mwaka 1988, na sheria ya mwaka 2006 ikaifanya kamati ya kijiji kuwa ndiyo mahakama ya kijiji. Katika kamati hiyo, kwa mujibu wa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1997, kimo kiti cha mwakilishi wa watu wenye ulemavu. Hivyo katika vijiji vya Tororo na vya Busia ya Uganda, asiyeona aliyechaguliwa na wenzake anaketi kuamua madeni, uvamizi wa shamba na ugomvi wa kupigana, bila kuomba ruhusa ya mtu. Hati zikiletwa, katibu huzisoma kwa sauti, na wote waliopo husikia.