Malazi ya Mahujaji Makka

Msimu wa Haji ufikapo, kodi za nyumba Makka hupanda, na fukara ndiye aumiaye kwanza. Shida hiyo ni kongwe. Yasimuliwa kwamba Khalifa Umar (r.a.) aliwakataza wenyeji kutia milango nyumba zao wakati wa Haji, ili mgeni ashukie apatapo nafasi. Baadaye wanazuoni walikhitilafiana: Imam Abu Hanifa aliichukia kodi ya msimu, Imam Shafi akaijuzisha, na haki ya mwenye nyumba nayo si ndogo. Ndipo matajiri walipojenga ribati za wakfu, msafiri alale bila ya malipo. Katika karne ya 14 Ibn Battuta alikaa Ribati ya Muwaffaq, karibu na Msikiti Mtukufu. Upanuzi wa msikiti ulioanza 1955 ulibomoa ribati kadhaa.