Nyumba Iendayo: Jangwa la Khawarizmi, Mji wa Guangzhou, na Mama Wasioandikwa



Wachina huliita fangche, maana yake gari-nyumba. Lina kitanda, jiko, tangi la maji na choo chake, na hapa Guangzhou, ninakokaa kwa mwanangu mwaka huu, nimesikia habari za wastaafu waliofunga milango ya nyumba zao wakaingia humo na kuelekea magharibi, Gansu na Xinjiang, kuishi jangwani mwezi baada ya mwezi bila ya kurejea mjini. Jamaa zetu wa Omani nao, msimu wa baridi unapoingia, hukokota karavani zao hadi kwenye michanga ya Wahiba. Vijana hudhani jambo hili limezaliwa pamoja na injini. La hasha. Habari kamili ya kuishi ndani ya nyumba yenye magurudumu, katikati ya jangwa, iliandikwa kwa Kiarabu karne ya 14, na aliyeisimulia alikuwa amekwisha kuzuru Kilwa yetu kabla yake, na baadaye akaeleza kuwa alifika mji huu huu ninaouandikia.

Namkusudia Ibn Battuta, mzaliwa wa Tanja mwaka 1304. Sisi watu wa pwani tunamjua kwa Mogadishu, kwa usiku mmoja wa Mombasa, na kwa Sultani Abu al-Muwahib al-Hasan bin Sulayman wa Kilwa, aliyemkuta mwaka 1331. Shuleni tulisomeshwa kurasa hizo chache tu, kana kwamba msafiri yule aliishia kwetu. Lakini baada ya Kilwa alikwenda Makka, akapanda nchi za Waturuki, akavuka bahari hadi Krimea, akaingia nchi ya Kipchak iliyokuwa chini ya Sultani Muhammad Uzbek Khan. Huko aliona kile wanachokiita araba.

Araba, asema, ni gari la magurudumu manne makubwa, likivutwa na farasi wawili au zaidi, au ng'ombe, au ngamia, kwa kadiri ya uzito wake. Mwendeshaji hupanda mmojawapo wa wanyama wale wanaovuta, mkononi ana mjeledi na gongo la kuwaelekezea njia. Juu ya gari hujengwa kitu mfano wa kuba, kwa fito zilizofungwa pamoja kwa kanda nyembamba za ngozi, kisha hufunikwa kwa nguo nzito ya sufi. Yana madirisha ya kimiani, na aliye ndani huwaona watu nao hawamwoni. Ndani humo mtu hugeuka atakavyo, hulala, hula, husoma na kuandika, na gari linakwenda. Magari ya mizigo na chakula hujengwa vivyo hivyo, ila hutiwa kufuli. Yeye mwenyewe alinunua gari la kupanda pamoja na mjakazi wake, dogo kwa ajili ya rafiki yake Afif al-Din al-Tuzari, na kubwa kwa masahaba wengine, likivutwa na ngamia watatu.

Nimeyasoma maelezo haya mara nyingi, na kila mara nasimama kwenye neno lile la kusoma na kuandika. Mimi nimekuwa karani miaka thelathini na ushei, na najua thamani ya mahali ambapo mtu aweza kuandika pasina kusumbuliwa. Kwamba mahali hapo pawe panakwenda, hilo sikupata kuliwazia.

Safari ngumu ilianza Saraychik, kwenye daraja la mashua lililovuka mto ambao leo waitwa Ural. Hapo farasi waliuzwa kwa bei ya kutupa, wakakodiwa ngamia wa kuyavuta magari, kwa kuwa mbele yao lilikuwa jangwa lisilo na malisho. Siku thelathini walikwenda mbio, wakisimama mara mbili tu kwa siku, saa moja dhuha na saa moja magharibi, muda wa kupika uji wa nafaka wauitao duqi, unaochemka mara moja tu. Hutiwa vipande vya nyama iliyokaushwa, juu yake hukamuliwa maziwa machachu. Baada ya hapo kila mtu hula na kulala ndani ya gari lake, nalo liko njiani. Maji yalipatikana mahali maalumu, baina ya pahala na pahala mwendo wa siku mbili au tatu, ama ya mvua ama ya visima vifupi vya mchangani. Ngamia wengi hufa katika njia ile, na wanaosalimika hawafanyi kazi tena mpaka mwaka wa pili, baada ya kunenepeshwa. Ndivyo walivyofika Khawarizmi.

Kisha yumo katika habari hiyo neno moja fupi, ambalo amelitaja kwa kupita tu: kwamba ndani ya gari lake alikuwa na wajakazi watatu.

Basi nyumba ile iendayo haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa na watu wanne, na watatu miongoni mwao hawana jina katika kitabu kizima. Kitabu hakisemi ni nani aliyeshuka kwenye baridi ya alfajiri kuupika ule uji ndani ya saa moja. Mimi sidhani kuwa ni yule aliyekuwa akiandika.

Huu si usemi wa kumlaumu marehemu kwa desturi ya zama zake. Mwenyezi Mungu amrehemu. Ni usemi wa kutaka habari itimie. Kwani mbele kidogo, alipokwisha kuyaacha magari na kuivuka Bukhara, mmoja wa wajakazi wake alikuwa amekaribia kujifungua. Alikusudia kumfikisha Samarkandi azalie huko. Mama yule alikuwa ndani ya mahmali juu ya ngamia. Msafara ukaondoka naye usiku, pamoja na vyakula, na bwana wake akafuata mchana kwa njia nyingine. Akajifungua katika kambi ya Sultani Tarmashirin. Wakamwambia Ibn Battuta amezaliwa mwanamume. Hata baada ya akika ndipo akajua ni mwanamke. Anasema binti yule alizaliwa kwa nyota njema, na tangu siku ya kuzaliwa kwake alipata kila la furaha.

Kwa hesabu yake mwenyewe aliuvuka mto Indus mwanzo wa Muharram 734, yaani Septemba 1333. Muda mfupi baada ya kufika Delhi mtoto akafariki, hakutimiza mwaka. Akazikwa kwa heshima kubwa, na mama yake akaitwa kwenye kasri ya mama wa Sultani, akarudi kesho yake na fedha, nguo, na bangili za dhahabu. Ibn Battuta aandika kwamba vitu vile aliwagawia masahaba zake na wafanyabiashara waliokuwa wakimdai. Hapo habari ya mama huyo yakatika. Bangili tumeelezwa zilivyokuwa, na jina la aliyezivaa hatukuambiwa.

Katika ukarani nimejaza fomu kwa maelfu, na kila fomu ya serikali niliyopata kuishika ilikuwa na mstari wa jina la mama. Lakini shajara ya ukoo wetu, ile iliyonakiliwa na babu kwa wino mweusi na mwekundu, yapanda vizazi kumi na kimoja kutoka mwanamume hadi mwanamume, haimtaji mwanamke hata mmoja. Na sisi sote twajua, ingawa husemwa kwa sauti ya chini, kwamba mama wa babu alitoka bara, upande wa Manyema, akaja kwa miguu hadi pwani na kisha kwa jahazi hadi Unguja. Jina tulilolirithi ni la ua, ambalo alipewa na waliomnunua. Jina alilozaliwa nalo halimo. Miezi aliyotembea haimo. Twahesabu nyumba ile iliyoachwa Omani na nyumba ile iliyojengwa Unguja, kana kwamba baina yake hapana kitu, ilhali wazee wetu waume kwa wake walikaa katika nyumba ziendazo, mahema, vyombo na misafara, sehemu kubwa ya umri wao, na huko ndiko walikozaliana.

Na jangwa na bahari katika jambo hili ni ndugu. Kuja China Ibn Battuta alitakiwa apande merikebu za Kichina katika bandari ya Kalikuti, na anazieleza kama alivyolieleza araba: mji unaoelea, watu elfu katika chombo kimoja kikubwa, mabaharia wakikaa na watoto wao, wakipanda mboga na tangawizi katika vihori vya mbao. Chumba cha mfanyabiashara kina vyumba vya ndani na choo, naye hukifunga kwa ufunguo, humo akiwa na wakeze na wajakazi wake, na huenda wasafiri wenziwe wasijue kama yumo chomboni mpaka wakutane naye mjini.

Yeye hakupenda chumba alichopewa, kwa hiyo mizigo yake na wajakazi wake vikapakiwa katika chombo kidogo zaidi, kiitwacho kakam. Akabaki pwani ili asali Ijumaa. Bahari ikachafuka, merikebu kubwa ikavunjika, na mabaharia wa kakam walipoliona hilo wakatweka tanga wakaenda zao. Akaachwa ufukweni na dinari kumi na zulia la kulalia. Baadaye zikamfikia habari kutoka Sumatra: mjakazi wake aliyekuwa mja mzito, ambaye kwa ajili yake moyo wake haukutulia, amefariki, na waliobaki wametwaliwa na mfalme wa nchi ile. Nyumba ilikwenda bila ya mwenyewe, na waliokuwamo ndio waliolipa.

Guangzhou yeye aiita Sin Kalan, na pia Sin al-Sin. Alifika kiasi cha mwaka 1346 kwa mashua ya mtoni kutoka Zaytun, siku ishirini na saba. Amelisifu soko la vyombo vya udongo, ambavyo vilipelekwa hata Hindi na Yemen. Sisi twaweza kuongeza Kilwa na Gede, ambako vigae vya China vimefukuliwa, na makaburi ya nguzo ya Kunduchi yaliyopambwa kwa bakuli zake. Asema pia kwamba Waislamu wana mtaa wao, wenye msikiti wa Ijumaa, zawiya, soko, kadhi na sheikh.

Wapo wanazuoni wanaoshuku kama kweli alifika China, na hoja zao si za kupuuzwa. Mimi nimekwenda kusali katika msikiti wa Huaisheng, chini ya mnara wake mweupe wa mviringo, wenye urefu wa karibu mita 36. Jiwe la maandishi la 1350, lenye Kichina na Kiarabu, laeleza kwamba msikiti uliungua mwaka 1343 ukajengwa upya. Basi akiwa alikuja 1346, alikuta magofu, wala hasemi neno juu ya moto. Kila mtu na apime; mimi naliona ni jambo zito dhidi yake, ila mtaa aliouelezea ulikuwapo bila shaka, na ulikuwapo karne nyingi kabla yake. Mwaka 851 maelezo ya Kiarabu yamtaja kadhi wa Waislamu katika mji huu, wakati huo ukiitwa Khanfu. Abu Zayd wa Siraf asimulia jinsi waasi wa Huang Chao walivyouteka mwaka 264 Hijria na kuua Waislamu, Mayahudi, Wakristo na Majusi, naye ataja watu 120,000. Karne ya 11 palikuwa na Mwomani, Wachina wakimwandika Xinyatuoluo, yaani Sheikh Abdullah, aliyesimamia wageni na kupewa cheo na mfalme mwaka 1072. Na katika zama zetu, jahazi Sohar, lililojengwa Sur kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi, liliondoka Maskati Novemba 1980 na kutia nanga Guangzhou Julai 1981. Miezi saba na nusu watu wakiishi juu ya maji.

Wenyeji wa hapa nao walikuwa na watu wao wa nyumba ziendazo, Danjia, waliozaliwa, wakaoa na kufa ndani ya mashua juu ya Mto Zhujiang. Walidharauliwa na wa nchi kavu, hata mfalme Yongzheng akatoa amri mwaka 1729 kuwaruhusu kukaa pwani. Wengi wao walihamishiwa nyumba za nchi kavu katika karne ya 20.

Lakini nirejee kwa mama zetu. Haikuwa lazima wasahauliwe. Sayyida Salme binti Said, aliyeitwa Emily Ruete huko Ujerumani, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886, na ndani yake akamwandika mama yake, suria wa Kicherkesi, kwa jina: Jilfidan. Akaeleza kwamba alikuwa binti wa mkulima, akatekwa akiwa mtoto. Mama yule alikufa 1859, na leo mtu yeyote aweza kumtaja na kumwombea, kwa kuwa bintiye alikuwa na kalamu na hakuona haya.

Nimeinakili upya shajara ya babu, nikaongeza safu ya pili pembeni mwa kila jina, kwa ajili ya mama. Mpaka sasa nimejaza nafasi nne, mbili kati yake kwa majina ya kupewa. Jamaa wa Mutrah ameniambia bibi yake alikuwa akimtaja mama wa babu kwa jina la kwao, na kwamba yuko shangazi Mombasa, mwenye umri mkubwa, ambaye labda bado analikumbuka. Walio karibu na shangazi huyo wamwulize mapema, na waandike atakavyolitamka yeye, wasilisahihishe.