Faza Nelly

Nelson Chrizostom Buchard, aliyejulikana zaidi kwa jina la Faza Nelly, alikuwa mghani wa rapu wa mjini Arusha na mmoja wa vijana wa kundi la X Plastaz, lililoanzishwa mwaka 1996. Na ijapokuwa umri wake katika fani ulikuwa takriban miaka 10 tu, si insafu kuandika tarikhi ya muziki wa kaskazini mwa Tanzania na kumpita kimya.

Zama zile rapu ya Kiswahili ilikuwa bado changa. Saleh J alikwisha kuighani mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakafuata Kwanza Unit na Mr. II, na redio za watu binafsi zilipopata idhini, Radio One ikianza kurusha matangazo mwaka 1994, umaarufu ukajikusanya Dar es Salaam pamoja na studio zake. Kijana wa mitaa ya Arusha kama Daraja Mbili, Unga Limited au Kijenge aliyetamani kusikika ilimlazimu ama ashuke pwani, ama atafute sauti ambayo pwani haikuwa nayo. X Plastaz walishika njia hii ya pili.

Sauti yenyewe waliipata kwa Yamat Ole Meipuko, mwimbaji wa Kimasai, aliyesimama nao jukwaani amejitanda lubega. Katika nyimbo za Kimasai kiongozi hupaza sauti peke yake, na wenziwe humwitikia kwa mvumo mzito utokao kooni, wenye mapigo yaliyo sawasawa hata ngoma isihitajiwe; basi mvumo huo ukakutanishwa na mdundo wa mashine, na juu yake Nelly na mwenziwe Gsan wakaghani Kiswahili cha vijiweni. Atakaye kuusikia ustadi huo na ausikilize wimbo wa "Aha!". Wako waliodai kuwa hayo yalikuwa mapambo ya kuwafurahisha watalii, kwa kuwa Arusha ndiyo mlango wa mbuga. Lakini rai hiyo haina mashiko, kwani wimbo wa "Nini Dhambi kwa Mwenye Dhiki" unahoji, kama jina lake linavyobainisha, nini kihesabiwe dhambi kwa mtu aliyezongwa na ufukara, na suali hilo huulizwa na wenye njaa, wala mgeni aliyekuja kutazama tembo hana haja nalo.

Albamu yao, "Maasai Hip Hop", ilitolewa na Out Here Records ya Ujerumani mwaka 2004, nao wakapata kutumbuiza hadi Ulaya. Machi 2006 Nelly alifariki dunia mjini Arusha, baada ya kuchomwa kisu katika ugomvi na jirani. Msiba mzito, kwa kuwa ulimfika wakati sauti yake ndiyo kwanza inaanza kuzoeleka ng'ambo.

Wenziwe hawakuiacha kazi. Mwaka 2009 Gsan alialikwa kughani katika tuzo za hip hop za kituo cha BET huko Marekani, akaghani kwa Kiswahili.