Kujisokota kwa mfuko wa chakula

Mbwa analetwa kliniki tumbo limevimba, ukiligonga linalia kama ngoma. Anajaribu kutapika, hatoi kitu ila povu. Katika faili lake daktari wa mifugo huandika herufi tatu: GDV. Ya kwanza inataja kiungo, ya pili kutanuka, ya tatu kujisokota. Mfuko wa chakula umejaa gesi, umetanuka, kisha umezunguka nusu duara au hata duara zima. Mlango wa umio umefungwa, na wa utumbo pia, kwa hiyo gesi haina pa kutokea. Mfuko huo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na mbwa asipotibiwa anaweza kufa ndani ya saa chache.

Walio hatarini zaidi ni mbwa wakubwa wenye kifua kirefu kwenda chini, kama Great Dane na German Shepherd. Huyu wa pili ndiye tuliyemzoea malangoni na kwenye vikosi vya polisi. Mara nyingi anayeiona dalili kwanza ni mlinzi wa zamu, naye atampigia daktari simu kwa Kiswahili. Atasema nini?

Akisema “msokoto wa tumbo”, ametaja maumivu ambayo kila mtu amewahi kuyapata na yakapita. Akisema “amevimbiwa”, tutamfikiria mlaji aliyezidisha pilau. Akisema “amejaa gesi”, mfugaji atamkumbuka ng’ombe aliyekula majani mabichi mengi, na atakimbilia kumnywesha mafuta. Kwa mbwa huyu mafuta hayana njia ya kufika mfukoni. Yanaweza kuingia mapafuni, na muda wa kumwokoa unapotea.

Utata unaanzia kwenye neno “tumbo” lenyewe, linalofanya kazi mbili. Katika “vidonda vya tumbo” ni kiungo cha ndani. Katika “tumbo la mimba” ni sehemu nzima ya mwili. Kwa ugonjwa huu tofauti hiyo ni kubwa, maana tumbo la nje huvimba kwa sababu nyingi: minyoo, maji, mimba, uvimbe. Ndiyo maana napendekeza “mfuko wa chakula”, maneno ambayo hata asiyesoma biolojia anayaelewa. Na badala ya nomino “msokoto”, tuseme “kujisokota”: kiambishi -ji- kinaonyesha kwamba kiungo kimejigeuza chenyewe, wala hatuzungumzii maumivu.

Istilahi kamili basi ni “kutanuka na kujisokota kwa mfuko wa chakula”. Ni ndefu, lakini kila sehemu yake ina kazi katika uchunguzi. Mfuko unaweza kutanuka bila kujisokota, na mkono wa daktari peke yake hauwezi kutofautisha hali hizo mbili. Jibu hutoka kwenye eksirei, mbwa akiwa amelazwa ubavu wa kulia: mfuko uliojisokota mara nyingi huonekana kama vyumba viwili vya hewa vilivyotenganishwa na mstari. Uliotanuka tu huenda ukatibika bila kisu. Uliojisokota unahitaji upasuaji.

Kabla ya kupasua, mbwa huwekewa dripu ya kasi, na gesi hutolewa kwa mpira unaopitishwa mdomoni au kwa sindano nene inayochomwa ubavuni. Kisha, chini ya nusukaputi, mfuko hurudishwa mahali pake. Sehemu iliyokufa hukatwa, na bandama, ambayo huvutwa pamoja na mfuko, huondolewa ikiwa imeharibika.

Hatua ya mwisho nayo inadai jina lake. Daktari huunganisha ukuta wa mfuko na ukuta wa tumbo upande wa kulia, usizunguke tena. Wapo watakaosema “kushikiza”, lakini fundi cherehani hushikiza kitambaa kwa muda tu, kisha akafumua. Hapa kovu linakusudiwa kushika maisha yote, kwa hiyo “kushonea mfuko wa chakula” ndiyo istilahi inayofaa. Mwenye mbwa anapaswa kuielewa kabla ya kutia saini ya kukubali upasuaji: bila kushonea, zaidi ya nusu ya mbwa waliopona wanaweza kupatwa tena; kwa kushonea, ni wachache sana.