Mzigo wa Njia ya Taveta

Wanaokuja kwangu alfajiri hapa Voi siku hizi wanataka kubeba. Miaka ya nyuma walitaka Zumba, baadaye wakataka tumbo lishuke kwa wiki mbili. Sasa wameona kwenye simu watu wa Marekani wakipanda vilima na mabegi ya mchanga au chuma mgongoni, na ombi limekuwa moja: "Kochi, tupe ile ya mzigo." Ninawapa. Kutembea na uzito ni zoezi zuri, maana miguu, mgongo na mapafu hufanya kazi kwa pamoja, na magoti hayapati kishindo cha mbio. Ila siwezi kulifundisha katika kaunti hii kana kwamba limezaliwa jana. Njia inayoanzia hapa kwenda Mwatate, Bura, Maktau hadi Taveta imebebewa mizigo kuliko njia nyingi za nchi hii, na waliobeba wametuachia somo ambalo simu haina.

Kabla ya reli, misafara iliyotoka Mombasa ilikata nyika ya Taru kwa kiu, ikatafuta maji Maungu, ikapita Ndara chini ya mlima Sagalla, ikaelekea Bura, kisha ikaingia mbuga kavu hadi Taveta. Huko kulikuwa na mto Lumi, msitu na ndizi, na wasafiri walikaa siku nyingi wakijijenga upya. Johannes Rebmann alipita Taita mwaka 1848 akielekea Kilimanjaro. Joseph Thomson alifika Taveta mwaka 1883, na Samuel Teleki mwaka 1887. Vitabu vinawataja wao. Shanga, nguo, nyaya na risasi zilikuwa juu ya vichwa na mabega ya wapagazi.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30, mbali na mkeka wake, chungu chake na pengine bunduki. Nikimwambia mwanafunzi wangu aliyeajiriwa ofisini abebe kilo 30 leo, kesho ataamka ameshika kiuno. Wapagazi waliweza kwa sababu ile ilikuwa kazi ya ujuzi, yenye taratibu zake. Waliondoka kabla ya jua, wakatembea asubuhi, na mara nyingi jua lilipofika utosini walikuwa wamepiga kambi. Kiongozi alitangulia na kuweka mwendo. Mzigo uliozidi waliukataa, na ugomvi juu ya uzito na posho umejaa katika maandishi ya Wazungu wale wale waliowalalamikia kuwa wakaidi. Mimi, ninayepanga mazoezi ya watu, sioni ukaidi pale. Naona watu waliojua kiasi cha miili yao na wakakisimamia mbele ya mwenye mali. Sisemi maisha yao yalikuwa mazuri: ndui na njaa viliwaua njiani, na wengine walikuwa watumwa wanaobeba kwa faida ya bwana. Lakini mpagazi wa kulipwa alikuwa na sauti juu ya mzigo wake.

Reli iliimaliza kazi ile upande huu kwa muda mfupi sana. Mwaka 1898 mafundi walikuwa wameshapita Voi na wako Tsavo, wakisumbuliwa na simba. Mwaka huo huo, Uingereza ilipitisha sheria ya magereza iliyochangia kuondoa gurudumu la kukanyaga, ambalo wafungwa walilipanda kwa saa nyingi kama adhabu tangu William Cubitt alipolibuni mwaka 1818. Mashine ya kukimbilia iliyoko katika jimu zetu ni ya ukoo huo. Nalitaja jambo hili darasani kila mtu anaponiambia kwamba zoezi bila mateso si zoezi.

Kisha mzigo ukarudi. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, na kaunti hii ikawa uwanja wa vita. Waingereza walijenga reli kutoka Voi kuelekea Maktau, wakavuta maji kwa bomba kutoka Bura, kwa sababu jeshi lilikuwa linakaa mahali pasipo na tone. Tarehe 12 Februari 1916 walishambulia kilima cha Salaita wakarudishwa nyuma; mwezi uliofuata wakapigana Latema na Reata. Watalii huonyeshwa mahali hapo, na makaburi ya Voi, Maktau na Taveta yanatunzwa vizuri. Askari wana majina juu ya mawe.

Wabebaji wengi hawana. Kikosi cha Wabebaji kiliundwa mwaka 1914, na vita vilipoingia Tanganyika, reli na malori yakawa hayafiki. Mabarobaro walichukuliwa kijiji kwa kijiji, Wataita wakiwemo. Mzigo uliowekwa kwa kila mmoja ulikuwa wa kilo 20 na kitu, mwepesi kuliko wa mpagazi wa msafara. Hapo ndipo ninapowasimamisha wanafunzi wangu wanaoniuliza kilo tu. Walibeba pungufu, lakini wakafa kwa maelfu: hesabu rasmi inapita 40,000, na wanahistoria wengi wanaamini waliokufa ni wengi zaidi ya hapo. Risasi iliua wachache. Waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu, malaria, baridi bila blanketi, na unga wa mahindi usioiva vizuri, uliopewa watu ambao wengine hawakuuzoea. Hawakuwa na neno juu ya mwendo, chakula wala siku ya kupumzika. Serikali ilipunguza hata mshahara wao.

Watu wa Kasigau walipata yao mwaka 1915. Walidaiwa kuwasaidia Wajerumani, wakaondolewa mlimani na kupelekwa Malindi, ambako wengi walikufa. Waliosalia walikaa miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kurudi kwao. Nikipeleka kundi kupanda Kasigau tunapumzika kijijini, nami huwaeleza habari hii kabla ya kuanza, kwa sababu si haki kuupanda ule mlima kwa ajili ya picha tu.

Kulikuwa pia na mkonge, Voi, Mwatate na Taveta. Kuinama, kukata, kufunga, kubeba, malipo kwa kipimo. Wazee waliofanya kazi hiyo wana mikono ya chuma na migongo isiyonyooka. Kwa hiyo ninapinga waziwazi ule usemi unaopendwa mitandaoni, kwamba wazee wetu walikuwa wazima kwa sababu walifanya kazi ngumu. Walikuwa wazima walipokula kimanga cha kutosha, wakatembea milima yao kwa hiari, wakalala. Kazi ngumu isiyo na kiasi iliwala.

Ni kweli tumeacha kutembea. Tangu ushuru wa pikipiki ndogo ulipoondolewa mwaka 2008, bodaboda inakutoa Mwakingali hadi soko la Voi kabla hujatoa jasho. Ndiyo maana sizidharau hatua 10,000, ingawa idadi hiyo ilitokana na tangazo la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, wala haikutokana na daktari. Anayetembea 6,000 kutoka 2,000 ameshafanya jambo. Ninayoyapinga ni mazoezi ya kasi ya kila siku. Izumi Tabata alichapisha utafiti wake mwaka 1996: sekunde 20 kwa nguvu zote, 10 za kupumzika, dakika nne basi, tena kwa vijana waliozoea mazoezi. Leo watu wanaita Tabata saa nzima ya kurukaruka, siku sita kwa wiki, kwa kikombe cha chai na andazi moja.

Kuna mama anayekuja kwangu akiwa ameshachota maji, jerikeni ya lita 20, zaidi ya mara moja asubuhi hiyo. Bomba la Mzima linapita hapa Voi likienda Mombasa, na mfereji wa mtaa wake haujatoa maji. Huyo simpi begi la mchanga. Tunanyoosha kifua kilichojikunja, tunaimarisha makalio na misuli ya ndani ya tumbo, namfundisha kubadilisha mkono na kuchuchumaa badala ya kuinama, na namwambia akae chini anywe uji. Yule kijana wa benki aliye pembeni yake ndiye ninayemtwisha. Anaanza na kilo tano, mara mbili kwa wiki, kwenye barabara ya vumbi tambarare. Akiongeza, anaongeza kilo moja au umbali, si vyote viwili, na siku anayosema mzigo umezidi, tunaupunguza bila mjadala.