Swali la sufuria lililonishinda Lamadi

Nimerudi chuo salama kutoka mazoezi ya kufundisha huko nyumbani Lamadi, ila nimerudi na deni.

Nilikuwa nafundisha elektrolisisi kidato cha tatu. Binti mmoja akasimama: "Mwalimu, mafundi wetu wanayeyusha sufuria mbovu kwa mkaa, wanapata mpya. Mbona aluminiamu yenyewe hatuitengenezi?" Nikajibu harakaharaka: hatuna madini yake. Jamani, niliwadanganya watoto wa watu!

Boksiti ipo, Lushoto kule milima ya Usambara. Halafu Mozal, kiwanda kilichoanza uzalishaji mwaka 2000 karibu na Maputo, kilitegemea alumina ya kutoka Australia. Kumbe shida siyo udongo. Ni umeme.

Mwaka 1886 vijana wawili wa rika letu, Charles Martin Hall wa Marekani (miaka 22) na Paul Héroult wa Ufaransa (miaka 23), kila mtu kivyake, waligundua siri hii: alumina inayeyuka ndani ya chumvi ya moto iitwayo kriolaiti, kwenye nyuzi 960 hivi, kisha umeme unatenganisha aluminiamu na oksijeni. Kilo moja tu inakula uniti 13 mpaka 15. Hebu piga hesabu ya LUKU hapo! Kuyeyusha skrepa kunataka karibu asilimia 5 tu ya nishati hiyo, ndiyo maana mkaa wa fundi unatosha.

Anodi yao ilikuwa ya kaboni, na mpaka leo viwanda vingi ndivyo vinavyofanya. Oksijeni inaila, na kila tani ya aluminiamu inatoa tani 1.5 hivi za kabonidayoksaidi. Anodi ya metali ingetoa oksijeni tupu, lakini chumvi ile inaitafuna, na shaba, nikeli au chuma vinaingia kwenye aluminiamu. Anayetaka aluminiamu safi anaita uchafu. Anayetaka aloi, yaani metali ya mchanganyiko, anaweza kuona ni faida. Mwaka 2018 Alcoa na Rio Tinto walianzisha ELYSIS huko Kanada ili kuifikisha kiwandani anodi isiyotoa kaboni.

Ila nayo haipunguzi njaa ya umeme. Mozal peke yake ilihitaji zaidi ya megawati 900, na bwawa letu la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Karibu nusu kwa kiwanda kimoja!

Hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa yule binti. Nimeshaandika barua kwa darasa lote, kesho naituma. Mwalimu akikosea, arudi ubaoni afute.